Mkono Uliorudi Nyumbani

Chungu cha kina mama wa Tongaren kilinuka moshi, jasho na mafuta ya kujipaka, kwa maana hakikuwahi kupikiwa kitu. Kilihifadhi vipande vya leso tu. Kila mama wa kikundi alirarua kipande cha leso yake kuukuu, akakikunja na kukifunga fundo, na vyote vilikaa humo mwaka mzima juu ya dari ya jiko la Mama Rispa, vikila moshi. Ulipofika wakati wa palizi, chungu kiliteremshwa na mtoto akaitwa akitikise. Mwaka ninaousimulia, mtoto huyo alikuwa mimi. Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa na haya kiasi kwamba mtu akiniuliza jina niliangalia kwanza vidole vyangu vya miguu, kana kwamba limeandikwa huko. Nafikiri nilichaguliwa kwa sababu hiyo. Mtoto asiyesema hadhaniwi kupanga njama.

Tulikuwa wageni pale. Kabla ya hapo tuliishi Kitale katika chumba cha kupanga, Mama akimenya viazi na kuosha sufuria katika hoteli moja karibu na soko. Baba alikuwa Suam, mpakani, akipakua mizigo ya magari, na alirudi nyumbani mara chache. Babu alipofariki tukagawiwa kipande cha shamba Tongaren, Baba akasema tutangulie, yeye atakuja. Basi Mama akafunga vyombo vyake, akanishika mkono, akawa mkulima. Mikono yake ilijua kisu na maji ya moto, haikujua jembe. Wiki ya kwanza viganja vilitoka malengelenge, akavizungushia matambara na kuendelea. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja ya tatu. Hata hivyo watu walimwita "mtu wa Kitale", kwa sauti ile inayotumika kusema kwamba maziwa yameanza kuchacha.

Mama Rispa, jirani yetu, ndiye aliyemwingiza kikundini. Kilikuwa kikundi cha palizi. Siku tatu za wiki, kina mama wote waliingia katika shamba moja pamoja, wakapanga mstari, wakapalilia mpaka jua lilipokuwa kali, kisha zamu ikahamia kwa mwingine. Siku ya Jumanne ilikuwa na utaratibu wake. Jumamosi jioni kila mama alichovya mkono chunguni huku amegeuza uso, akatoa kipande cha leso, na mwenye leso hiyo ndiye ambaye angeenda kumpalilia Jumanne, peke yake. Waliopanga hivyo walikuwa na maana yao. Ukiwaachia watu wachague, rafiki atakwenda kwa rafiki, mwenye nguvu kwa mwenye nguvu, na mpweke atabaki na magugu yake. Chungu hakikujua rafiki. Kupitia kikundi hicho Mama alipalilia mashamba ya watu ambao hawakuwa wamemsalimia bado, na kwa kuwa huwezi kunywa uji wa mtu bila kusema naye, wakaanza kusemezana.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililoogopwa. Mara nyingine mama alitoa kipande akakifungua akakuta ni chake mwenyewe. Walisema mkono wake umerudi nyumbani. Siku ya Jumanne huyo alijilimia shambani mwake, na hakuna aliyemwonea wivu, kwa sababu mkono unaorudi nyumbani, walisema, ni mkono wa mchoyo. Unajitafuta wenyewe hata gizani. Kikundi kilipokuwa na kina mama watano tu, jambo hilo lilitokea mara kwa mara na likaleta maneno. Ndipo Mama Rispa alipoongeza majirani wanne, Mama akiwa mmoja wao. Alitaka nguvu ya jembe, ndiyo, lakini alitaka pia kuitawanya ile bahati mbaya. Alieleza mbele ya wote kwamba katika vitambaa vitano ni rahisi mtu kujigusa, ila katika tisa mkono utapotea tu. Kila mtu aliona ni kweli. Mimi pia niliona ni kweli.

Jumamosi ya kwanza nilitikisa chungu mpaka mabega yakauma. Mikono miwili ikarudi nyumbani: wa Mama Kundu na wa Mama. Mama Kundu alikuwa mnene na mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Aliinua kipande chake na kusema kwamba angalau sasa magugu yake yatamwona, maana yalikuwa yamemsahau. Watu wakacheka. Mama hakuwa na mzaha wa kutoa. Alikunja kipande chake akakirudisha chunguni taratibu, kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake. Jumamosi iliyofuata mkono mmoja tu ulirudi, nao ulikuwa wa Mama tena.

Safari hii hakuna aliyecheka isipokuwa Mama Kundu, naye alicheka kidogo. "Hiyo mkono yako inapenda nyumbani kama kuku ya mayai, mama," alimwambia. Lilikuwa neno la utani, lakini lilibebwa. Nililisikia kisimani, kisha nikalisikia shuleni kutoka kwa mtoto aliyelisikia kwao. Ilisemwa kwamba tangu mtu wa Kitale aingie, mikono inarudi kila wiki. Hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa ikirudi tangu zamani, wala kwamba wa Mama Kundu umerudi pia. Mama mmoja alishauri Mama awe wa kwanza kuchovya, mwingine akasema awe wa mwisho. Na lilitajwa jina la Mama Sella, ambaye miaka kadhaa kabla mkono wake ulirudi mara nyingi katika msimu mmoja. Kikundi kilimwondoa, mahindi yake yakamezwa na magugu, na mwishowe alihamia Kanduyi kuuza mboga kando ya barabara. Walikuwa wakisema kwamba baada ya yeye kuondoka, kikundi kilipumua.

Mama aliyasikia yote. Zamu za kazi ya pamoja zilikuwa zimepangwa kwa kufuata aliyetangulia kuingia, na yeye kama mgeni wa mwisho alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameshapinda mgongo katika mashamba ya wenzake wiki mbili nzima, na zamu yake ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tatu. Kama angeondolewa kabla ya Ijumaa hiyo, angekuwa amepalilia kijiji na hakuna wa kumpalilia. Mahindi yetu yalikuwa yameanza kugeuka manjano chini, na magugu yalikuwa yamefika magotini mwangu. Jioni moja nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa shamba, jembe begani, haingii wala harudi. Aliponiona akaniambia kwamba kule Kitale chumba chetu labda hakijapata mpangaji.

Mimi nilikuwa na hofu yangu pembeni. Ni mimi niliyetikisa chungu. Niliwaza kwamba labda mikono yangu ina kasoro, kwamba sichanganyi vizuri, kwamba kipande cha Mama hupanda juu kumfuata kwa sababu ni mtoto wake ninayetikisa. Sikuweza kumuuliza mtu. Basi kila siku nikitoka shule nilikwenda nyuma ya jiko, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa na udongo ulikuwa laini, nikapanga mawe tisa kwa mstari. Nilikuwa na gauni langu kuukuu la maua na matambara mengine ya rangi mbalimbali. Kila tambara nililirarua mara mbili: nusu chini ya jiwe, nusu ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Nikatikisa kopo, nikafumba macho, nikalitolea kila jiwe kipande kimoja, nikafunua. Nilikuwa najaribu kujifunza kutikisa kwa namna ambayo hakuna kipande kitakachorudi kwenye jiwe lake.

Sikufaulu. Nilitikisa kwa nguvu, nikatikisa polepole, nikageuza kopo juu chini, nikalizungusha kama mtu anayepepeta wimbi. Mara nyingine hakuna kilichorudi nami nikafurahi. Mara iliyofuata kilirudi kimoja, kisha kimoja tena, kisha vitatu kwa mpigo, kisha hakuna. Ili nijue ni namna ipi ya kutikisa iliyo nzuri, nilichukua vikombe viwili vya bati. Kila nilipomaliza kutoa vipande vyote nilitia punje moja ya mahindi katika kikombe cha kwanza, na kwa kila kipande kilichorudi kwenye jiwe lake nikatia punje katika kikombe cha pili. Siku ya pili ya kufanya hivyo niliona kitu kilichonifanya nikae chini. Vikombe vilikuwa vimejaa sawasawa. Nikimimina hiki kando ya kile, mafungu mawili ya mahindi yalikuwa karibu sawa kwa kimo. Namna ya kutikisa haikuleta tofauti. Kwa kila mtikiso, mmoja alirudi, ukijumlisha siku za neema na siku za balaa.

Nikaondoa mawe manne, nikabaki na matano, kama kikundi cha zamani. Nilitarajia kikombe cha pili kifurike, kwa maana katika watano ni rahisi kujigusa. Hakikufurika. Vikombe vilipanda pamoja tena, bega kwa bega. Niliyatazama mawe yale kwa muda mrefu kabla sijaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuja polepole, kama kila kitu kinavyonijia. Ukiongeza mama mmoja, kila mkono unapata pa kupotelea zaidi. Hilo Mama Rispa aliliona sawa. Lakini huyo uliyemwongeza naye amekuja na mkono wake, na mkono huo nao unaweza kurudi. Katika tisa, kila mmoja ana nafasi moja kati ya tisa ya kujikuta, ila wenye nafasi hiyo ni tisa. Kinachopunguka upande huu kinajazwa upande ule. Mama Rispa angeweza kukusanya Tongaren yote mpaka Bungoma mjini, na bado, wiki nenda wiki rudi, angekuwa akimtafuta mchoyo mmoja.

Jumamosi ya tatu mvua ilianza kabla kina mama hawajakaa sawa. Tulikuwa sebuleni kwa Mama Rispa, mabati yakipiga kelele mpaka ikabidi watu wapaze sauti. Chungu kilikuwa mezani, lakini Mama Rispa hakuniita. Alisema kwanza kuna neno. Alikuwa mwanamke mrefu, mzee wa kanisa, asiyependa kusengenya. Aliloona ni sharti lisemwe alilisema ukiwa umekaa mbele yake. Alimgeukia Mama akamwambia kwamba hana chuki naye, ila kikundi kina desturi, na kidole kimoja hakivunji chawa lakini kidole kimoja kibaya huwasha mkono mzima. Alimwomba apumzike msimu huu. Mama akauliza kuhusu Ijumaa. Mama Rispa akasema hilo la Ijumaa litatazamwa, na kila mtu pale alijua maana yake.

Sijui nilisimama vipi. Nakumbuka tu kwamba vikombe vyangu viwili nilivyotoka navyo nyumbani vilikuwa mezani na punje kadhaa zilikuwa zimemwagika, na kwamba nilikuwa nikiviangalia vikombe badala ya watu.

"Si mkono wa Mama," nilisema. "Ni chungu."

Mama alinivuta gauni nikae. Mama Rispa akaniambia niseme kwa sauti, mvua inanimeza. Nikasema tena. Nikasema hiki ni mara nilizotikisa, na hiki ni mikono iliyorudi, na viko sawa, na wakiwa watano viko sawa pia. Halafu maneno yakaniishia. Mama Kundu alinitazama kwa huruma na kuuliza kama siku hizi darasa la tano wanafundishwa uganga. Mwingine akasema ati mtoto anamtetea mamake, na hilo si kosa. Ilikuwa imeisha hivyo. Lakini mvua ilizidi, na hakuna aliyeweza kutoka, na Mama Kundu hakuwahi kuvumilia kukaa bure. "Si tujaribu tu, bana," alisema. "Kwani tunaenda wapi?"

Basi wakajaribu. Nilitikisa chungu, wakachovya, wakafungua. Mkono wa Mama Kundu ukarudi, akapiga yowe la furaha kama aliyeshinda mbuzi. Nikatia punje vikombeni. Tukarudia, hakuna aliyerudi, wakashangilia. Tukarudia; wakarudi wawili, na mmoja wao alikuwa Mama Rispa. Alirudisha kipande chake na kuashiria kwa kidevu niendelee. Nilitikisa mpaka wao wenyewe wakaanza kupokezana chungu, kila mmoja akidai mwenzake hatikisi vizuri, na hakuna aliyeweza kukishinda. Baada ya muda walianza kubashiri na kutaniana. Aliyerudi aliitwa mchoyo na wote, akajibu kwamba uchoyo huo ameuazima kwa jirani. Kabla mvua haijapungua, kila mtu mle ndani alikuwa ameitwa mchoyo, wengine zaidi ya mara moja. Mkono wa Mama ulikuja kurudi mwishoni kabisa, na kelele alizopigiwa zilikuwa kelele za kumkaribisha. Alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu tuhame. Mama Kundu alimimina vikombe viwili mezani, punje kando ya punje, akavitazama, akasema basi chungu kinajua idadi tu, jina hakilijui.

Wakati huo ndipo nilipomwona Mama Rispa. Yeye hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika kipande kimoja kilichofungwa fundo, cha rangi ya buluu iliyofifia, ambacho hakikuwa cha mtu yeyote kati ya wale tisa. Kilikuwa kimekaa darini kando ya chungu miaka yote, na nadhani alikwenda kukichukua sisi tukiwa tunacheza. Kina mama wa zamani walikitambua, wakaacha utani mmoja mmoja.

"Kama ni hivyo," Mama Rispa aliuliza, "Mama Sella tulimfukuzia nini?"

Mvua ilikuwa imekatika. Nilitamani vikombe vyangu viwe havijawahi kuwapo. Nilikuwa nimefikiri kwamba ukileta jambo la kweli mahali penye uongo, kila mtu atapumua. Sikujua kwamba kweli huingia na kwenda kukaa juu ya kidonda cha mtu mwingine. Mama Rispa hakukasirika. Alimwambia Mama kwamba Ijumaa ni yake kama ilivyopangwa, kisha akafunga mkutano kwa sala fupi kuliko kawaida yake.

Ijumaa Mama Rispa alifika kwetu kabla ya wote, umande ukiwa bado mzito. Alipalilia mistari iliyokuwa na magugu mabaya zaidi na hakutaka kupokewa jembe. Wote wanane walikuja, na kufikia saa tano shamba letu lilikuwa limefunguka, mahindi yamesimama wazi kama watoto walionyolewa. Mama alipika uji wa wimbi na kuugawa kwa mikono yake yenye matambara. Wiki iliyofuata Mama Rispa alipanda gari akaenda Kanduyi. Alirudi jioni ile ile, na alichoambiwa na Mama Sella, au kama alimpata, hakumwambia mtu. Mama Sella hakurudi Tongaren. Msimu uliofuata chungu kiliteremshwa kama kawaida, na aliyejikuta alijikuta, akataniwa, akaenda kupalilia shamba lake, ila majirani wawili walimfuata bila kutumwa ili asiwe peke yake. Hiyo ikawa desturi mpya, na ilidumu miaka kadhaa.

Nilimaliza darasa la nane na sikuendelea. Sasa nashona sare za shule katika kibanda hapa Kitale, na mara nyingine, nikikata vitambaa, najikuta nimevichanganya mezani na kuvipanga tena, ili nione kimoja kinavyorudi. Tongaren yenyewe imebadilika. Hawapalilii kwa jembe tena. Dawa ya magugu inauzwa kila duka, na mtu mmoja akibeba pampu mgongoni anamaliza asubuhi moja kazi iliyokuwa ikiwachukua watu tisa. Siwezi kusema ni jambo baya. Mgongo wa Mama haumuumi kama zamani, na hakuna mwanamke anayeweza kuachwa na magugu kwa sababu ya kipande cha leso. Lakini nafikiri jambo moja. Katika mara zote nilizotikisa kopo langu nyuma ya jiko, sikuwahi kuona vipande vyote tisa vikiangukia kwenye mawe yao wenyewe, hata mara moja. Ningetikisa maisha yangu yote nisingeona. Sasa linatokea kila msimu, bila chungu: kila mmoja shambani mwake, na hakuna anayeshtuka.

Juzi nilimpigia Mama simu nikamuuliza palizi imefika wapi. Aliniambia imekwisha, alinyunyiza mwenyewe kabla ya chai ya saa nne. Nikamuuliza kama Mama Rispa ni mzima. Nikasikia akivuta kiti.

"Nasikia ako mzima," alisema.

Shamba la Mama Rispa liko ng'ambo ya ua wetu.